Kwa Wafadhili Mume Wangu Amepona, Nyumbani Anatetemeka

Admin, tafadhali futa jina langu kabla hujaweka hii, maana Moshi ni ndogo na mawifi zangu wote wamo humu wakisoma ya watu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nauza vitenge sokoni, nina mume na watoto. Mume wangu nimwite Baba Glory, ingawa siyo jina lake. Ni fundi magari, na akiwa mzima hakuna mwanaume mcheshi kama yeye kuanzia mjini hadi kwetu Old Moshi. Tatizo ni gongo. Alikunywa mpaka gereji wakamfukuza, akawa anaamka anatetemeka na hatulii mpaka atoe loki, yaani apate ile ya kwanza ya asubuhi.

Mwaka juzi alipata nafasi kwenye soba hausi moja, nyumba ya kuwaachisha watu ulevi, inayosaidiwa na wafadhili. Nisiwe mchoyo wa shukrani, walimsaidia kweli. Mshauri wake, kaka mmoja aliyewahi kunywa kuliko yeye, alikaa naye kama ndugu. Mwanzoni mwa mwaka jana akarudi nyumbani amenenepa, gereji wakamrudisha kazini, jioni anawafundisha watoto hesabu. Nililia kwa furaha mbele ya watoto bila aibu.

Sasa mnielewe hapa. Wafadhili hawailipi ile nyumba kwa watu inaowalaza. Wanalipa kwa kila aliyetoka akakaa mwaka mzima bila kunywa, na mkaguzi anakuja nyumbani kuhakikisha. Meneja wa ile nyumba aliponieleza nilifurahi. Nikamwambia hata fundi analipwa gari likiwaka, siyo kwa kulilaza gereji. Tukacheka wote.

Desemba tukapanda kihambani, kwenye shamba la ukoo, kama Wachagga wote. Mbuzi akachinjwa, ukoo ukakaa. Baba mkwe ni marehemu na mume wangu ndiye kifungua mimba, kwa hiyo kata ya kwanza ya mbege ni yake. Wengine hawagusi mpaka yeye aonje. Nikamwambia mama mkwe kwa adabu, "Mama, huyu alishaacha, tumpe soda." Akaniangalia kama nimemtukana marehemu.

"Acha hizo, Mama Glory. Mbege ni pombe tangu lini? Ni ndizi na ulezi. Wewe ulipojifungua nilikunywesha nini ili maziwa yatoke?"

Watu wakacheka, na ni kweli alininywesha. Baba Glory akaniangalia, akawaangalia baba zake wadogo waliokuwa wanamsubiri, akapokea kata akanywa. Hakulewa. Ila tuliposhuka mjini ile kiu ilishuka naye, na kabla shule hazijafunguliwa alikuwa ameshairudia gongo.

Hakunificha. Alinishika mkono mwenyewe akasema, "Nirudishe kule, Mama Glory, kabla sijafika mbali." Ni wanaume wangapi wanaomba wenyewe? Nikampeleka. Meneja akamwacha amekaa nje kwenye benchi, akaniita pembeni, akaongea kwa ule upole unaochoma.

"Mama, mwaka wake umebaki kidogo tu utimie. Nikimpokea leo nakiri kwamba hakupona, na malipo yake tunayakosa. Huyu ndiye mfano wetu. Mkaguzi akija sema yuko vizuri, akishapita tu mlete kimya kimya."

Nikamuuliza, "Na akinifia kabla mkaguzi hajapita?" Akasema tumwombe Mungu. Yule mshauri alikuwa amesimama pale pale, ameinamisha kichwa. Baadaye alinipigia simu analia, akasema malipo yakikosekana na waliolazwa sasa hivi watarudishwa makwao. Sina hata nguvu ya kumchukia.

Nikampeleka hospitali, wakamtundikia dripu, kutetemeka kukapungua, lakini wakasema anahitaji mahali pa kukaa na kusimamiwa kwa muda. Sehemu nyingine nilizoulizia bei zake siziwezi, na biashara yenyewe mnaijua Januari ilivyo. Ameshaanza tena kunywa.

Kinachoniua zaidi ni yeye mwenyewe. Mkaguzi anakuja kesho, na jana nilimwambia mume wangu kwamba akifika namweleza ukweli wote, meneja atajua mwenyewe. Nilidhani atashukuru. Akalia kama mtoto.

"Usifanye hivyo, mke wangu. Kule wananitaja kwa wageni kwamba mimi nilipona. Gereji walinirudisha kwa sababu hiyo. Watoto wanajisifia baba yao. Ukinitoa hapo nabaki na nini?"

Nikamfuta machozi kwa kanga yangu, mimi ambaye kwa mdomo huu nimegombana na soko zima.

Ndugu zangu, nikisema yuko vizuri, anaendelea kunywa huku tukingojea kitanda cha ahadi ya mdomo. Nikisema kweli, wanaweza kumfungia mlango moja kwa moja, na lile jina la mtu aliyepona nitakuwa nimemvua mimi mkewe. Mnaotaka kumtukana mama mkwe niachieni, hasira zangu zinamtosha. Mimi nishaurini tu, kesho nimwambie nini huyo mkaguzi? Nampenda mume wangu na namtaka hai. Hapa ninapoandika yuko chumbani, hataki nimsaidie, anapiga pasi shati jeupe la kumpokelea mgeni, na mkono umemtetemeka mpaka ameliunguza kola.