Majani Yaliyowashinda Viwavijeshi

Juzi nilikuwa nasubiri zamu yangu katika ofisi ya kilimo hapa Bariadi, mkulima mmoja wa Nkoma alipobwaga mezani mafungu mawili ya majani ya malisho. Moja lilikuwa limebaki vijiti.

"Haya yangu. Haya mazima ni ya huyu mayu, huyu mama," akamnyooshea kidole jirani yake, bibi kizee aliyeketi kwenye benchi. "Viwavijeshi wamemaliza kwangu, wamefika mpakani kwake wakageuka. Ana kitu."

Huku kwetu maneno hayo mawili yamewahi kuwapeleka vikongwe kaburini. Yule bibi akafunga upya fundo la khanga yake, ingawa halikuwa limelegea.

Bwana shamba akapasua jani zima kwa ukucha. "Kitu kipo, ila kimo humu. Mbegu hii naifahamu. Ndani ya majani yake wanaishi fangasi wasioonekana kwa macho. Majani yanawalisha, nao wanayafanya yawe machungu kwa wadudu. Wanarithiwa kwenye mbegu."

Bibi alishusha pumzi ndefu. Mimi nilishusha ndefu kuliko yake.

Mlalamikaji akakuna kisogo, sauti ikalainika. "Mayu, mbegu umebakiza?"

"Zipo," akajibu. "Ila njoo mchana, majirani wote wakuone unaingia kwa mchawi."