Mama, Anasema Bataangalia

Mpaka leo, mtu akigonga mikrofoni kwa kidole na kusema "allô, allô, moja, mbili," mimi hurudi palepale: kwenye ukumbi wa shule yetu ya Musonoi, Jumapili alasiri, watu wamebanana kwenye madawati, vumbi jekundu juu ya viatu vya kila mtu, na harufu ya mikate ya mafuta ikiingia kwa dirisha lisilo na kioo.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Wagombea watatu wa ubunge walikuwa wamekubali kujibizana mbele ya watu. Mama yangu, muuza vitenge, hakuwa mtu wa mikutano. Alikuja kwa sababu ya robine, bomba la maji. Robine ya mtaa wetu ilikuwa imekauka tangu kabla ya mvua, tukawa tunachota kwenye kijito cha bondeni, maji ya rangi ya chai, na mdogo wangu Idi alikuwa ametoka hospitalini wiki ile kwa homa ya matumbo. Alikuwa amekonda hata kaptula yake tuliifunga kwa kamba.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wa kwanza darasani kwa Kifaransa, na jinsi nilivyojiona, mnaweza kukisia wenyewe. Mama alinishika mkono. "Asha, utakuwa unaniambia kile banasema."

Alipopewa nafasi ya kuuliza, aliwasalimu akina baba na akina mama, wala hakuzungusha.

"Batata na bamama, salamu. Mi nauliza kitu moja tu. Maji ya robine yetu itarudia siku gani?"

Mgombea wa kwanza alisimama, suti yake iking'aa kama sufuria mpya. Kwa Kifaransa kirefu, kitamu, alisema kwamba suala la maji lilikuwa miongoni mwa mahangaiko yake ya kudumu, na kwamba, mazingira yakiruhusu, hatua zinazofaa zingeweza kufikiriwa kwa wakati ufaao. Watu wakapiga makofi.

Mama akainama kwangu. "Anasema siku gani?"

Niliyachambua yale maneno kama mtu anayechambua maharage, nikawa natoa mawe tu.

"Mama, anasema… maji ni kitu ya muzuri."

"Ile najua," akajibu, wala hakunong'ona. "Siku gani?"

Wa pili naye akasimama, akasema mengi, akaketi.

"Anasema bataangalia."

"Nani ataangalia?"

"Hakusema."

"Ataangalia nini?"

"Hakusema, mama."

Kicheko kilianzia mstari wetu, kikaenda mpaka nyuma. Mwenyekiti aligonga meza. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Niliamini Kifaransa changu kimenisaliti mbele ya Musonoi nzima, na machozi yakaanza kunichoma.

Wa tatu alikuwa Mama Odile, mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Aliiacha mikrofoni mezani.

"Mama, siku gani, mi siyue. Sitaki kukudanganya. Hata mukinichagua, ile pompe ya maji haiko mu mukono yangu. Lakini mardi, saa tatu ya asubuhi, nitaenda mu biro ya maji. Tuende pamoja?"

"Kama hauyue, unaomba kura ya nini?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Ukumbi ukacheka tena. Nami nilicheka, nawaambia ukweli, kwa raha ya kuona sasa anachekwa mwingine.

Jumanne mimi na mama tulimkuta ametutangulia. Ofisini tuligundua kwamba mtaa mzima ulikuwa umelalamika kwa mdomo, na hakuna aliyewahi kuandika. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, alizoea kusema kwamba kamba ya maneno haifungi mzigo. Basi Mama Odile akataja, nami nikaandika, kwa Kifaransa cha sentensi fupi: mtaa gani, tangu lini, nyumba ngapi, watoto wangapi wagonjwa. Tulirudi Jumanne nne. Wiki ya tano robine ilikohoa, ikatema tope jekundu, kisha ikatoa maji. Si kila siku, lakini yalitoka. Idi aliingiza kichwa kizima chini yake, akapiga kelele kwa baridi.

Mama Odile alishindwa vibaya katika uchaguzi. Aliendelea kupita kwetu kuuliza habari ya robine.

Miaka mingi baadaye nilileta nyumbani kazi yangu ya mwisho ya chuo kikuu. Mama alivaa miwani, akafunua kurasa polepole, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umesahau *s*."

Nikamkodolea macho. Kumbe alikuwa amesoma Kifaransa kwa masista mpaka darasa la sita, na hakuwahi kuona sababu ya kutangaza.

"Sasa ile siku ya mukutano, ulikuwa unasikia yote?"

"Yote."

"Na kwa nini uliniuliza miye?"

"Batu balipiga makofi, Asha. Nilitaka bote basikie mutoto mwenye akili anatafuta jibu na anaikosa."

Aibu ile nilikuwa nimeibeba tangu utotoni, nikidhani kuna neno lilinipita. Halikunipita hata moja. Nilikuwa nimetafsiri kila kilichokuwamo.