Wakwe Zangu Waliniachia Kaseti Moja ya Kila Aina

Admin, naomba jina langu lisionekane. Nina miaka 41, ni mwandishi wa habari wa redio, naripoti kutoka Handeni na Korogwe. Kazi imenizoesha kuandika misiba ya watu bila kulia. Mwaka huu msiba ulikuwa wangu, nimefiwa na mume, na nitajaribu kuueleza kwa utaratibu uleule.

Mume wangu alikuwa wakala wa tiketi za mabasi hapa Mkata. Hakuvuta, hakunywa. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kaseti za gemu, zile za plastiki ya njano tulizokuwa tukichomeka kwenye gemu za TV utotoni. Hakuzicheza. Alichokusanya ni lebo zake na maboksi yake. Gemu moja ilitolewa na viwanda tofauti, na kila ilipochapwa upya kitu kilibadilika: kifaru cha kijani kikawa cha bluu, ndege ikageuzwa upande, boksi likaongezwa tundu la kuning'inizia dukani. Makonda walimtafutia huko walikopita, Tanga, Moshi, Dar. Pale stendi wakamtania, "Mzee mzima unakusanya midoli!" Naye anajibu, "Wewe una jezi tano za timu moja. Nani mtoto hapa?"

Mungu hakutujalia mtoto. Jioni tukishakula anaweka kaseti mbili mkekani, za gemu ileile, anasema, "Haya mwandishi, tofauti iko wapi?"

"Huyu wa lebo hii kofia yake nyekundu, wa hii yake ina rangi ya chungwa."

"Umekosa. Hiyo imepauka na jua. Mtazame miguuni."

Kweli, mmoja alikuwa peku. Anayeshindwa anapika chai. Ndoa yetu, nikilazimika kuieleza kwa kifupi, ilikuwa hiyo.

Asubuhi moja alikwenda stendi akaangukia kwenye meza yake ya tiketi. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshafariki.

Nilikuwa ndani, niko eda, ndugu zake walipokuja kutoka Mombo kugawa vitu vyake. Nikawasikia sebuleni wakikunjua mashati. Jioni mama mkwe aliingia chumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanishika mkono.

"Mwanangu, kaseti zake hatukuzigusa ovyo," aliniambia. "Mimi na wifi yako tumekaa chini tukazichambua. Kila aina tumekuachia moja, ile isiyochakaa. Zilizojirudia tumemtolea sadaka, zimeenda banda la gemu pale kwetu, watoto wachezee."

Walikuwa wamefanya kazi hiyo tangu asubuhi. Kwa wema. Nikasema, "Asante, mama."

Nilipofungua sanduku, lilikuwa limefutwa vumbi na kupangwa vizuri kuliko alivyokuwa akilipanga mwenyewe. Kifaru cha kijani kilikuwepo. Sikuwa na cha kukilinganisha nacho. Watu hawa walitoa kilichokuwa mkusanyo, wakaniachia kaseti.

Nilipomaliza eda nilikwenda Mombo. Mwenye banda ni kijana mstaarabu. Aliniamkia, akanipa pole, akanitolea kiti. Nikaziona kaseti zimepangwa kando ya TV, nyingi hazina lebo tena. Amezibandua kwa maji ya moto na wembe, juu yake amepiga alama ya rangi nyeupe.

"Mbona umebandua?" nikamuuliza.

"Ndivyo tunavyofanya sisi wa mabanda, mama. Hawa madogo wajanja. Anachomoa kaseti nzuri anakuwekea mbovu, lebo zinafanana, utamshika wapi? Nikipiga alama yangu haitoki hapa. Kaseti ni kaseti, ukichomeka si inawaka?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dah. Mama, pole. Zilizobaki na lebo sizigusi mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Ukija uzichukue zote, nibadilishie na zozote zile, mimi sina neno."

Ningekuwa nimezichukua siku hiyohiyo, za kubadilishia nimletee baadaye. Lakini ilikuwa Ijumaa, na baada ya swala watoto wakaja kucheza bure, kwa ile sadaka. Kabla hajawasha TV, kijana aliwaambia, "Haya, muombeeni mwenye gemu." Wakaitikia kwa pamoja, "Mungu amrehemu!" Ndipo nikamwona mama mkwe mlangoni na kigoda chake. Kumbe huja kila Ijumaa kusikiliza. Mtoto mmoja akapiga kelele ameshinda, na yule mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Nikatokea mlango wa nyuma.

Wifi alisikia bandani nilichokwendea, akamfikishia mama. Mama akanipigia simu juzi.

"Nasikia umekwenda kudai sadaka ya mwanangu."

"Shikamoo mama. Sidai. Nataka kuzibadilisha na nyingine, watoto waendelee kucheza."

"Nyingine za nani? Alizishika yeye? Tulipokuambia ulisema asante. Leo unataka kumnyang'anya thawabu yake kaburini?"

Kisha akalia, na mimi nikalia, hakuna aliyekata simu.

Sijamuuliza shehe. Namjua, swali langu litafika Mombo kabla yangu. Wengine mtasema ni vikaratasi tu, na sina cha kuwabishia, ni vikaratasi. Lakini nikiziacha, kijana atazibandua zote, na macho ya mume wangu yatakuwa yamefutika. Nikizichukua, namnyima mama kitu pekee kinachomtoa nyumbani. Yule amefiwa na mwana, mimi na mume, na kaseti ni zilezile.

Jumamosi ni keshokutwa. Ninyi mliowahi kufiwa, na ninyi wenye wakwe, semeni nami kwa upole: niende Mombo, au niziache zibanduliwe?