Nilimchora binti yangu ukutani nikamfungua rangi, sasa sijui nimjibu nini

Wakuu, salamu kwenu mote.

Mimi niko Bunia, Ituri, upande wa Kongo. Swahili yetu ya huku munaijua, basi munivumilie. Hii si habari ya kusikia kwa jirani, ni ya nyumbani kwangu, na mpaka naandika sijui niiweke wapi kichwani.

Kazi yangu ni kuchora matangazo kwenye kuta. Pharmacie, kwado wa kuziba matairi, salon za wanawake. Ukipita mtaani kwetu Bigo ukaona kichwa cha mwanamke aliyesukwa vizuri pembeni ya mlango, labda ni mkono wangu. Naifanya tangu sijaoa.

Mwaka jana mama mmoja alifungua salon, akaniita.

"Papa Divine, nataka musichana mwenye kucheka, ameshika kopo ya mafuta."

Kawaida client analeta picha, wengine wanaikata kwenye paketi ya nywele za kusuka. Huyu hakuwa nayo. Nikachukua photo passeport ya Divine, binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na tano. Alifurahi mpaka akasahau maharage kwenye moto, yakaungua. Tulikula hivyo hivyo.

Nikachora, Divine na wapita njia wakiangalia. Rangi yake niliitafuta mpaka nikaipata, kahawia nzito yenye wekundu kidogo chini. Ni mutoto wangu, naijua.

Mama wa salon akaja kuangalia, akakunja uso.

"Uyu iko mweusi sana. Nani atanunua mafuta? Fungua kidogo, Papa."

Niwaeleze kitu cha kazi. Siye wachoraji, kufungua ni kuongeza nyeupe na njano kwenye rangi ya mwili. Tunajitetea kwamba vumbi ya Bunia inakula rangi nzito, sura haionekani kwa mbali. Sijawahi kumchora mwanamke wa salon bila kumfungua. Basi nikafungua. Akasema bado, nikafungua tena. Sikuwaza hata dakika moja.

Wiki za kwanza ilikuwa sherehe. Vijana wa taxi-moto wakimwona wanaita, "Divine wa ukuta!" Akawa anapiga picha pale mbele, anaziweka statut ya WhatsApp, simu yenyewe inamlainisha uso mpaka anafanana na ukuta.

Halafu utani ukageuka. Shuleni wakaanza kumwambia yule wa ukuta njo (ndiye) mzuri, huyu wa miguu rangi yake ilibaki kwenye ndoo. Na ile njia anapita asubuhi, anapita saa saba akirudi. Kila siku anajikuta pale, anacheka kuliko yeye, mweupe kuliko yeye.

Mimi wakati ule sikujua kitu. Niliona tu mutoto amebadilika. Joto lote lile anavaa mikono mirefu, na kilemba amekishusha mpaka mashavuni. Sokoni na mama yake haendi, anasema jua. Kwaya ameacha kwa sababu wanaimbia uani. Bibi yangu (huku kwetu bibi ni mke, musicheke) akasema kuna kijana. Mimi nikasema ni maombi, labda kuna mchungaji amemkataza jua! Wakuu, tuliishi miezi hivyo, watu wazima wawili, tunabahatisha.

Siku moja ya Jumapili mama yake akamwambia awashe makala kwenye mbabula, lile jiko la makaa. Joto lilipompiga usoni alilia kwa sauti, akaruka nyuma. Kilemba kikaanguka.

Ndipo nikamwona. Mashavu mekundu kama aliyechubuliwa na mchanga. Masikio meusi, shingo nyeusi, vidole vyeusi kwenye viungo. Mimi mtu wa rangi, ninakula na huyu mutoto meza moja, na sikuona. Aibu yake siwezi kuiandika.

Chini ya kitanda tulikuta kopo ya mafuta ya kung'arisha ngozi. Ni ile ile niliyomchorea mkononi.

Nikapandisha sauti. "Nani alikuambia upakale hii?"

"Hakuna mutu aliniambia, Papa."

"Sasa uliitoa wapi hii akili?"

Akaniangalia bila hasira, na hiyo njo iliniua.

"Weye ulinipakala, Papa. Ulinitia rangi yangu, ukaangalia, ukaona haitoshi, ukaongeza. Siye wote tuliona."

Nikataka kusema ni kazi, ni client, ni vumbi. Kila neno nikilifikisha mdomoni linakuwa la kijinga. Nikatoka nje nikakaa juu ya ndoo zangu.

Muuguzi wa centre de santé alituambia aache leo leo. Ngozi itarudi polepole, sehemu nyingine hakutuahidi.

Mama wa salon nilimwomba siku nne mfululizo aniache nirudie ile sura. Alikataa, ukuta ni wake na wateja wanakuja. Nilipomwonyesha Divine mwenyewe, akasema fanya haraka kabla watu hawajajaa.

Jumamosi asubuhi tukaenda wote wawili. Nikafuta uso kwa rangi ya ukuta, nikafungua kopo la kahawia, nikamgeukia Divine ili nichukue rangi yake.

Wakuu, nilishindwa. Paji la uso lina yake, mashavu yana yake, shingo ina yake. Pinso ya kuchorea iko mkononi na sijui nichanganye ipi. Photo passeport ni ya studio, nayo ilishafunguliwa! Na ile rangi niliyojivunia kwamba naijua, kichwani haikuja. Macho yakaanza kunilowa mbele ya watu.

Divine aliona. Akavua kandambili, akanyoosha mguu.

"Angalia mguu, Papa. Mguu sikupakala."

Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikachanganya rangi ya uso wa mutoto wangu kwa kuangalia mguu wake.

Nilichojifunza mimi ni kwamba tangazo halichagui client. Unafikiri unaongea na mwenye kupita barabarani, kumbe wa kwanza kusikia yuko nyumbani kwako, anakupikia maharage.

Lakini haijaisha kichwani. Jana Divine amepita pale na kilemba chake. Kijana mmoja wa taxi-moto akaangalia ukuta, akamwuliza, "Divine, uyu mupya ni nani?"

Amerudi nyumbani, ameketi mbele yangu. "Papa, nilipita tu. Nilipaswa kumujibu nini?"

Sijamjibu mpaka sasa. Wenye mabinti, na nyie wa kazi za matangazo, niambieni ingekuwa nyie mungemwambia nini. Na kama kuna wa kunitukana anitukane tu, nitasoma yote.