Mwalimu Fungua

Shuleni walimpachika jina la Mwalimu Fungua, naye akalipenda. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, mbegu inahitaji mwanga?" alitikisa kichwa. "Swali lako lina komeo. Nikisema ndiyo, limekwisha. Lifungue." Mtoto angekuna kichwa weee, mpaka atoe jingine: "Mbegu iliyofichwa kabatini itaotaje?" Hapo makopo ya maharage yalipangwa, mengine dirishani, mengine kabatini, na darasa zima likachunguza wiki nzima. Kazi aliijua. Hilo hata wasiompenda walikiri.

Tatizo ni kwamba kengele ya kutoka haikumtoa darasani. Binti yake wa pekee alisimama siku moja mlangoni pa jikoni: "Mama, utakuja kuniona nikiimba?"

"Lifungue," alijibiwa, kitunguu kikiendelea kukatwa.

Mtoto akafikiri. "Mama, ni nini kitakufanya uje?"

Mama alilisifu swali lile mpaka kwa walimu wenzake. Siku ya kuimba yenyewe alibaki kusahihisha madaftari.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Kwake mjukuu alifika na majuto yake pamoja. Binti alipojifungua, mwalimu, aliyekwisha kustaafu, alifunga begi: blanketi, sabuni, kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Kisha akakaa kungoja aitwe. Binti alipiga simu kila jioni, kwa adabu zote. "Mama, umeshindaje? Magoti yanaendeleaje? Zamani mlimwogeshaje mtoto mchanga?" Maswali ya kupigiwa mfano, hata moja halina komeo. Lile dogo la "Mama, utakuja?" halikutoka, na aliyekuwa akimwogesha mtoto huko alikuwa mama mkwe wa binti. Moyo ulimuuma, wala hakuwa na wa kumlaumu.

Jumapili uvumilivu ukamwishia. "Mwanangu, nije?"

Kwa mbali kitoto kilikuwa kikilia.

"Uje kufanya nini, Mama?" binti aliuliza polepole, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Darasani alikuwa akiwaambia watoto wasiogope kimya, jibu zuri huchelewa. Sasa alikaa na simu sikioni, begi miguuni, na alichotaka kusema kilikuwa kifupi kabisa: nisamehe.

"Mama? Upo?"

"Nipo," akasema. "Magoti hayajambo."