Jiwe la Vichanga

Jumatatu nilikwenda ofisi ya ardhi kwa ugomvi wa ukuta na jirani. Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja wa shamba. Barabara mpya inapita kijijini kwao, na jiwe kubwa la kale lililosimama kondeni litang'olewa.

"Bi mkubwa," karani alimwambia kwa upole, "jiwe lile hata wataalamu hawajui nani kalisimamisha, wala kwa nini. Si kaburi. Halina mashahidi, vile vijiwe vya kichwani na miguuni."

"Mwanangu nimemzika chini yake. Kwetu vichanga wanaokufa kabla ya kupewa jina huzikwa hapo. Hatuwawekei mashahidi, jiwe linatosha. Mkiling'oa, ntajuaje alipo?"

Karani akauliza ni upande gani. Bibi akaweka viganja vyake juu ya kaunta: jiwe hapa, mtoto hapa. Nafasi aliyompimia mtoto haikuzidi mkate wa boflo. Karani akasogeza kikombe chake cha chai, kama anayempisha.

"Ntawaambia wakubwa," alisema, bila ya kumtazama.

Wataalamu wataendelea kuuliza jiwe lile lilikuwa la nini, na barabara itapita. Nami nilipoitwa, nilishindwa kuutaja ukuta.