Tulimzika Mjomba Ngollo Kuzuia Mabwawa ya Kinyesi

Mtu wa kwanza kulala kwenye kaburi la mjomba wangu Ngollo alikuwa injinia wa halmashauri.

Kavaa riflekta na buti. Kalala chali, mikono kifuani, anatuambia tumfukie.

Na mjomba mwenyewe alikuwa hai, huko Usinge, anarina asali.

Naitwa Tekla, nakaa pembezoni mwa mji wa Tabora. Haya yalinikuta masika ya mwaka juzi. Anayebisha aje, kaburi bado lipo.

Ilianzia kwenye mkutano wa mtaa. Injinia Uwesu akasimama, akatangaza kwamba halmashauri inajenga mabwawa ya kutibu majitaka, ili magari ya kunyonya vyoo yaache kumwaga porini.

Eneo? Kiwanja kilicho wazi nyuma ya nyumba yangu. Hatua sitini kutoka kisimani.

Jamani, kile kisima alikichimba marehemu mama kwa mikono yake, mwaka alioachwa na baba. Ndiyo urithi wangu pekee. Mtaa mzima unakunywa pale na mimi simnyimi mtu. Nikasimama kwa hasira.

"Injinia, mavi ya Tabora nzima yaje kulala jirani na maji ya mama yangu? Hayaji!"

"Dada yangu, tumeshapima. Maji yako mbali sana chini, na mabwawa yatasakafiwa."

Akazomewa mpaka akapanda pikipiki yake.

Jioni mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Sabiri, fundi cherehani, akanifuata nyumbani.

"Mwanangu Tekla, serikali haiogopi kelele. Inaogopa kaburi. Kulihamisha ni barua, vikao, ndugu kukubali, ndugu kukataa. Mradi unachoka wenyewe."

"Sasa mzee, maiti tunampata wapi?"

"Hilo ni jambo la familia," akasema, ananitazama mimi.

Nikapiga simu Usinge.

"Shikamoo mjomba. Tunaomba tukuzike."

"Marahaba. Lini?"

"Jumamosi."

"Haya. Ila mpike pilau. Nisisikie nimezikwa kwa ugali na mlenda."

Bahati nzuri mjomba hana dini inayoeleweka, kwa hiyo hatukulazimika kumdanganya padri wala shehe. Jeneza tukalijaza michembe, madebe mawili ya viazi vikavu, ili wabebaji walione zito.

Siku ya mazishi, pale kwenye kile kiwanja, nililia kweli kweli. Hata sijui nilikuwa nalia nini.

Sasa, tulisahau kitu kimoja. Uwesu ni Mzaramo wa Kisarawe. Sisi Wanyamwezi.

Utani wetu na Wazaramo ni wa tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani. Na mtani akija msibani, msiba ni wake. Atatukana, atapora chakula, atamwigiza marehemu, na ukinuna aibu ni yako.

Tukamsikia kabla hatujamwona. "Mtani wangu anakufa halafu mimi naambiwa na muuza vocha?"

Akampora mpishi mwiko. Akavaa ndala za mwenyekiti. Akaenda kwenye jeneza akalitikisa, na humo ndani kukalia kacha kacha kacha.

"Kha! Nyie Wanyamwezi mnakauka upesi hivi?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Sabiri hakucheka. Alikuwa anatafuta njia ya kutokea.

Kisha Uwesu akarukia kaburini, akalala. "Nifukieni mimi! Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe kuku!"

Nikaagiza kuku haraka, angalau atoke tufukie tuyamalize.

Mara akainua kichwa. Sauti yake haikuwa tena ya utani.

"Dada Tekla, hili shimo mmechimba lini?"

"Jana jioni."

"Mbona mgongo wangu umelowa?"

Akakaa. Akachimba kwa vidole palepale alipokuwa amelala, na maji yakajaa kwenye kiganja chake. Shimo lenyewe lilikuwa halijafika hata kifuani.

"Sisi tulipima mwezi wa kumi," akasema taratibu. "Kiangazi."

Akatoka na tope kisogoni. "Mabwawa hayajengwi hapa. Nitaandika mwenyewe."

Tulipiga vigelegele msibani! Jirani yangu Mwanahawa alicheza akilizunguka jeneza. Uwesu akachukua kuku wake, akaninong'oneza: "Msalimie marehemu. Na hiyo michembe msiifukie, ni chakula."

Ingeishia hapo ningekuwa shujaa.

Lakini alipofika uani kwangu alisimama. Akatazama choo changu. Akatazama kisima. Akahesabu hatua: kumi na nane.

"Choo chako kina urefu gani kwenda chini?"

"Futi kumi na mbili."

Akachota maji ya kisima kwa chupa akaondoka nayo.

Baada ya siku kumi na mbili alirudi na majibu ya vipimo, bila utani hata kidogo.

"Dada, kisima kina kinyesi. Si cha jana wala juzi. Masika maji yanapanda, vyoo vyote vya mtaa vinaingia humo."

Nikamkumbuka binti yangu Levina. Kila masika tumbo, kila masika namchapa kwa kula maembe mabichi, naye analia kwamba hajala. Nilimchapa mtoto kwa ajili ya maji niliyompa mimi.

Nikakaa chini nikalia. Safari hii nilijua nalia nini.

Kisima kilizibwa kwa zege. Barua ya kuomba mabwawa yajengwe haraka, kule mlimani mbali na watu, niliiandika mimi, na sahihi ya kwanza ni yangu. Siku yalipofunguliwa, gari la kwanza kumwaga lilitoka chooni kwangu.

Nawaambia ndugu zangu: ule uchafu niliokuwa napigana usije ulikuwa umeshafika zamani, na ulikuwa wa kwetu. Kabla hujamzika mjomba wako kwa ajili ya kisima, pima kwanza maji yake.

Kaburi tumelizungushia miiba, halina mtu. Masika likijaa maji, Levina huniuliza kama bibi yake alijua yaliyomo kisimani. Namwambia hakujua. Mimi ndiye niliyekataa kusikia.